Kamba Niliyopimia Matairi ya Mohoro

Nyinyi mliofungua vibanda vya matairi pale stendi ya Kibiti, nimewaona. Nikipita asubuhi kufuata vitumbua nayaona matairi yenu mmeyapanga kando ya barabara, meusi yanang'aa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu. Mimi tairi linalong'aa huliogopa. Mpira hauna tabia ya kung'aa wenyewe. Nani kalipaka mafuta, na kuna ufa gani chini ya mafuta hayo?

Ndivyo nilivyo, msinichoke. Mke wangu, Bi Zuhura, husema siku niliyozaliwa nilimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Nimefunga matairi Kibiti tangu nina nywele kichwani mpaka leo nina kofia tu, na katika miaka yote hiyo sijapata kuletewa tairi nikaliamini palepale. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Mzee Omari, gari la kwenda bondeni nilifunge saizi gani?" Nilimjibu kwa ufupi maana vitumbua vilikuwa vinapoa. Leo nimekaa, nitajibu kwa urefu, na nitawaeleza pia kosa moja ambalo sikumweleza.

Kabla ya ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, kuchagua saizi haikuwa kazi. Uliomba kibali, ukasubiri, ukaletewa ulicholetewa, ukashukuru. Nimewahi kuona landrova imefungwa mbele matairi ya aina moja na nyuma aina nyingine, na mwenyewe anatabasamu kwa kuwa yote manne yana upepo. Kisha milango ikafunguliwa. Ghafla Dar es Salaam ikajaa matairi: mapya, ya mtumba, yaliyotoka Japani, yaliyopitia Dubai, na mengine sijui yalitoka wapi, maana hata muuzaji alikuwa hajui. Watu walifurahi. Mimi nilianza kulala vibaya.

Kusoma maandishi ya ubavuni ni rahisi. Tairi la zamani limeandikwa 7.50-16. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi, na ubavu husimama karibu sawa na huo upana; ya pili ni ukubwa wa ringi inayoingia ndani. Haya yaliyokuja na ruksa yakawa na maandishi marefu, 265/75/16. Hapo ya kwanza ni upana kwa milimita, ya kati inakwambia ubavu umesimama kwa asilimia ngapi ya huo upana, na ya mwisho ni ringi ileile kwa inchi. Pigeni hesabu wenyewe mtaona kwamba matairi hayo mawili yana kimo karibu sawa, ila la pili ni pana zaidi kwa vidole vitatu hivi. Mengi ya mabishano niliyopata na wateja yalitoka kwenye hivyo vidole vitatu.

Kusoma ni jambo moja, kuamini ni jingine. Nimemshuhudia kwa macho yangu mtu anapasha kisu motoni na kuchonga upya kashata za tairi lililokwisha, yaani yale matuta ya mpira yanayong'ata ardhi. Akimaliza, kashata ni ndefu kama za tairi jipya, ila chini yake umebaki mpira mwembamba unaoweza kutobolewa na mwiba wa mchongoma. Nimeletewa pia tairi lenye nambari iliyokwanguliwa na kubandikwa nyingine. Tangu hapo nikajiapiza: maandishi yameandikwa na binadamu, na binadamu simwamini. Nitapima mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Mbonde wa Ikwiriri, hakuwa na shida na maandishi. Yeye hakuwaamini wateja. Ukimwendea na gari ukamwambia unakwenda sehemu fulani, atakuitikia vizuri, kisha atainama chini ya gari na msumari. Atakwangua tope lililoganda kwenye difu, alisugue kati ya vidole, alinuse, halafu ndipo aulize, "Mara ya mwisho ulikwama wapi?" Kama tope ni jeusi linalonata, wewe ni mtu wa bonde la mto hata ukijitia wa lami. Kama ni mchanga, amekujua. Watu wote husema wanakwenda kila mahali, aliniambia, lakini gari lina njia moja inayolitesa, na hiyo ndiyo unayoichagulia tairi.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwake miezi michache tu nilipojifanya mjuzi. Akaja mnunuzi mmoja wa korosho mwenye pikapu ya kuvuta magurudumu yote manne, njia yake Ruaruke, mchanga mtupu. Mzee Mbonde alikuwa amekwenda kusali. Nikamfungia matairi membamba yenye kashata ndefu kuliko zote dukani, nikayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe, nikamwambia hakuna mchanga utakaomshinda. Hakufika mbali. Tulimkuta pikapu imejichimbia mpaka tumboni kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila alipokanyaga mafuta ilizidi kushuka. Mzee Mbonde hakunigombeza. Aliinama akatoa upepo kwenye matairi yote, karibu nusu, mpaka mbavu zikavimba na kukaa chini, kisha akamwambia mwenye gari arudi nyuma taratibu bila kukanyaga sana. Gari likatoka. Akanigeukia akasema, "Umempa majembe manne, ulitaka afanye nini kama si kulima?"

Kwa hiyo wekeni hili kichwani. Mchangani unataka tairi linalokaa juu ya ardhi: pana, kashata fupi, upepo mdogo. Tope la bondeni ni kinyume. Lile tope jeusi la Mohoro na Ndundu lina sakafu ngumu chini yake, wakati mwingine shubiri moja, wakati mwingine goti. Tairi jembamba hukata tope likaikuta sakafu. Tairi pana huelea juu kama sahani, likateleza, likabeba tope mbele yake mpaka injini ikachoka.

Sasa niwaletee Bwana Faraji. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga wa Mohoro, mtu mpole, msafi, wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya tope. Landrova yake ilikuwa ikipakia mpunga na watu kutoka Mohoro, inavuka mto kwa pantoni pale Ndundu, inapita Ikwiriri, inafika Kibiti. Dereva wake alikuwa Mzee Mketo, ambaye aliishika landrova hiyo tangu ilipokuwa mpya. Alikuwa amenizidi umri sana. Nilipomwamkia aliitikia bila kuondoa macho kwenye gari, maana hakupenda mtu aliguse kabla hajamaliza kulikagua.

Mjue jambo moja kuhusu Mzee Mketo, maana ndilo lililokuwa hatarini. Watu wa Mohoro walimpa vitu vyao mkononi bila karatasi. Dawa ya mgonjwa, nguo za harusi, barua, cheni ya dhahabu inayopelekwa kwa sonara. Hakuna aliyehesabu mbele yake. Unasema tu, "Mzee, mpelekee fulani," na umemaliza. Posti ya Mohoro ilikuwa yeye.

Bwana Faraji alikuja kwangu, wakati huo nina kibanda changu mwenyewe, akitoka Dar es Salaam. Kule alikuwa ameyaona magari mapya ya watu wa miradi yamevaa matairi mapana, na roho yake imependa.

"Fundi, nataka yale mapana," akasema. "Yale yanajaza madigadi. Gari linapendeza."

"Bwana Faraji, ringi zako ni inchi tano na nusu," nikamwambia. "Tairi lile ukilibana kwenye ringi nyembamba litavimba katikati. Kashata za kati ndizo zitakazogusa chini, za pembeni zitabaki pambo. Na siku ukipunguza upepo litavuka kwenye ringi ukiwa katikati ya tope."

"Basi nibadilishe na ringi."

"Ringi pana zitatoka nje. Beringi zitakula uzito zisiouzoea, na ukikata kona tairi litasaga bodi."

Mzee Mketo alikuwa amechuchumaa pembeni, akasema, "Mie nshawaona hao wa mapana pale Mohoro mwaka jana. Tuliwavuta kwa ng'ombe."

Hilo ndilo lililomaliza mjadala. Tukakubaliana 7.50-16, manne mapya na la akiba la tano, yote ya jina moja. Nikaenda nao kuyachagua. Nikayabinya, nikayanusa, nikachungulia ndani ya kila moja kutafuta kiraka. Muuzaji alichoka nami akaenda kunywa chai.

Kufunga tairi si kufunga nati tu. Landrova ile ilikuwa na matairi mafupi zaidi kabla ya hapo, kwa hiyo nilitaka kujua kama haya marefu yataenea. Nikapakia magunia ya mpunga nyuma, nikapandisha gurudumu moja la mbele juu ya kifusi, nikakata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Nyinyi hupima gari likiwa tupu kwenye sakafu, halafu mteja anarudi na tairi lililochanika ubavu. Springi zikibonyea ndipo ukweli unaonekana. Nilimwonya pia Mzee Mketo kwamba gari litakuwa zito kuondoka, breki zitataka mguu wa mapema, na spidomita itamwambia anakwenda polepole kuliko anavyokwenda.

Mwisho nikafanya jambo ambalo hakuna fundi mwingine alilifanya, na nilijivunia sana. Katika gari linalovuta magurudumu yote, matairi lazima yalingane mzunguko. Moja likiwa kubwa na jingine dogo, la mbele litataka kwenda mwendo wake na la nyuma mwendo wake, na giaboksi ndiyo itakayolipa. Basi nikanunua kamba mpya ya katani, nikaizungusha kwenye tairi, nikapiga fundo pale ilipokutana. Nikapima na mengine; yote yalifika kwenye fundo. Kamba hiyo nikaitundika ukutani na kibao chenye jina la Bwana Faraji. Kila gari kubwa lilikuwa na kamba yake. Siku gari likirudi, nitajua kama matairi ni yaleyale, kwa sababu wakati huo kubadilisha matairi ya tajiri njiani ulikuwa ugonjwa. Dereva anaondoka na mapya, anarudi na ya mtumba yaliyofanana.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Pantoni ilisimama, barabara ikakatika, landrova ya Mohoro sikuiona kwa muda mrefu. Paa la makuti la kibanda changu lilivuja kila pahala, nikawa nahamisha ndoo tu. Mvua zilipopungua, asubuhi moja yenye manyunyu, Mzee Mketo akaja. Bwana Faraji alikuwa naye. Walitaka nizungushe matairi, ya nyuma yaje mbele.

Nikaitungua kamba. Nikaizungusha kwenye tairi la kwanza. Fundo halikufika. Lilibaki nyuma kwa vidole vinne.

Nikaivuta tena. Tairi likitumika hupungua. Huisha kashata, huwa dogo. Halijapata kuonekana tairi linalokua. Nikapima la pili, vidole vinne. La tatu, vinne. La nne, vinne. Yote manne yamezidi sawasawa. Mtu mwenye akili hapo angeiangalia kamba. Mimi nikamwangalia dereva.

"Bwana Faraji," nikasema, na nilisema mbele ya watu, maana kibanda kilikuwa na wateja, "haya si matairi niliyofunga."

Mzee Mketo akasimama. "Unasemaje wewe?"

"Nasema kamba inavyosema. Haya ni makubwa. Yaliyoondoka hapa si haya."

"Maandishi ni yale, jina ni lile. Tazama."

"Maandishi huchongwa, mzee."

Aliligusa tairi kwa kiganja. Hakupandisha sauti. "Omari," akasema, "mie nimeyaosha matairi haya kwa mikono yangu kila nilipovuka. Na wewe unaniambia siyajui?"

Nikaikunja kamba yangu. Na sikuwa na wasiwasi hata chembe, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilijiona shujaa. Bwana Faraji alibaki ameshika ufunguo, hajui aufanye nini. Hakumtukana mtu wake. Alisema tu kwamba gari litaendeshwa na mtu mwingine mpaka jambo hili liishe.

Maneno hupanda gari bila nauli. Kabla ya Ijumaa yalikuwa Ikwiriri, yalikuwa kwenye pantoni, yalikuwa Mohoro. Mwanamke mmoja aliyezoea kumpa Mzee Mketo dawa ya kumpelekea mwanawe alimpa kondakta wa basi asiyemjua. Mzee Mketo aliona. Wapo walioniambia aliinamisha kichwa akajifanya anarekebisha ukanda wa kandambili.

Ukoo wa Bwana Faraji ndio uliosema isomwe halbadiri. Nyinyi wa siku hizi mnaitajataja kwa mzaha, lakini kwetu kile ni kisomo kizito: watu wanakaa na shehe, wanamshtakia Mungu mwizi wasiyemwona, na madhara yakitoka yanamfuata mwenye kosa popote alipo. Watu walidhani Mzee Mketo ataomba radhi kwanza. Yeye akasema, "Isomwe. Na Omari awepo, akae ubavuni mwangu. Kwa sababu ikikosa mwizi inamtafuta aliyesingizia."

Nilipoambiwa hivyo, nikacheka. Nikarudi nyumbani nikamsimulia Bi Zuhura huku bado nacheka. Alikuwa uani anaanika nguo.

"Uliyapima kwa ile kamba ya kibandani?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ile iliyokuwa inanyeshewa masika yote?"

"Kunyeshewa kuna nini?"

Aliacha nguo akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosea choo. "Baba Rukia, mie kila masika nailegeza kamba hii ya kuanikia. Ya katani, ikilowa inakaza mpaka inang'oa mti. Hujapata kuniona?"

Nilikuwa nimemwona mara mia. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nikakata kipande cha kamba kikavu, nikakipima kwa rula ya shule ya binti yetu Rukia, nikakitia kwenye ndoo ya maji nikakaa kando yake kwenye kigoda. Nilipokitoa kilikuwa kifupi. Nikakipima mara tatu, maana sikutaka kuamini. Nikaenda kibandani nikaishika ile kamba ya Bwana Faraji, bado ina unyevunyevu, na mkononi ilikuwa imejaa na kukakamaa, siyo ile niliyoinunua. Matairi yalikuwa ni yaleyale. Yalikuwa ni yaleyale tangu mwanzo.

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa sababu kosa la kamba ningeweza kusamehewa. Niliona aibu. Nilifikiria kibanda changu, jina langu, wateja waliokuwa wakiniita Omari Kamba kwa sifa. Nikaenda kwa Bwana Faraji kimyakimya nikamwambia, "Bwana, tuyaache haya. Halbadiri ni jambo kubwa, Mzee Mketo ni mtu mzima. Mimi nimeridhika." Sikumwambia kwa nini. Akashukuru, akaniona mtu wa huruma, na kisomo kikafutwa.

Nikadhani nimemwokoa. Siku mbili baadaye Mzee Mketo akaja kibandani kwa miguu kutoka stendi ya basi, bila gari, na mimi nikamwamkia. Hakuitikia.

"Nani kakutuma uombe isisomwe?" akaniuliza.

"Nilikuonea huruma, mzee."

"Mie sikukuomba huruma. Nilikuwa nimekaa nangoja siku ile nikasafike. Sasa Mohoro nzima inasema nilikuja kukupigia magoti. Wanasema, kama hakuiba, mbona kaogopa kusomewa?" Akanisogelea. Macho yake yalikuwa na machozi na hakujishughulisha kuyafuta. "Ulinichafua mara moja kwa mdomo. Hii ya pili umenichafua kwa kunyamaza. Unajua kitu, Omari. Nakiona usoni kwako. Kiseme."

Nikakisema. Pale pale, nikiwa na sipana mkononi, nikamweleza kamba, mvua, ndoo, Bi Zuhura. Nilitegemea atanipiga, na ningeshukuru. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Mimi umeniambia. Sasa nenda ukawaambie wao. Maneno yako yalishuka kila kituo, na wewe ushuke kila kituo."

Nilishuka kila kituo. Nilipanda gari nikiwa na ndoo na vipande viwili vya kamba ya katani. Ikwiriri nilisimama kwenye baraza ya wauza ufuta nikalowesha kamba mbele yao. Kwenye pantoni nilichota maji ya mto uleule, abiria wakacheka mpaka nahodha akapunguza mwendo asikie. Mohoro nilisimama baada ya sala ya Ijumaa, Bwana Faraji yuko mstari wa mbele, nikasema mimi ndiye niliyekosea na mimi ndiye niliyeficha. Hakuna aliyecheka. Bwana Faraji alitoa ufunguo mfukoni mwa kanzu akamkabidhi Mzee Mketo mbele ya watu wote.

Tangu hapo nilipima kwa utepe wa chuma, na kabla ya kupima gari la mtu niliupima kwanza utepe wenyewe kwenye fimbo niliyoikata na kuiweka ndani ya nyumba. Fanyeni hivyo. Muwe na shaka na muuzaji, na maandishi, na upepo uliosomwa na geji ya jirani. Lakini kitu cha kwanza kukitilia shaka kiwe kile mlichoshika mkononi, kwa kuwa hicho ndicho msichokitazama.

Mzee Mketo aliendesha landrova ile mpaka ikafa. Watu walirudi kumpa vitu vyao, si wote. Kwangu hakuleta tairi tena. Alipokuwa anapita Kibiti alinipungia mkono, akaenda kujaza upepo kwa fundi wa jirani yangu. Nilikubali, maana nilistahili.

Alifariki miaka mingi baadaye, wakati pantoni imeshakuwa hadithi na watu wanavuka juu ya daraja. Nilikwenda maziko Mohoro. Tulikuwa tunapokezana majembe kufukia, na aliyekuwa ananipokea ni mtu wa makamo kutoka Ikwiriri, simjui. Alijifuta jasho, akaniinamia sikioni kwa heshima kabisa.

"Mungu amsamehe," akaninong'oneza. "Huyu si ndiye dereva aliyeuza matairi ya tajiri wake?"

Jembe liliniponyoka. Nikamshika mkono yule bwana, nikamvuta pembeni ya kaburi huku wenzetu wanaendelea kufukia, nikamwambia jina langu, na kazi yangu, na nikaanza kumweleza tangu mwanzo.